Naomba ushauri: nitajuaje Wahindi wanaishi miji gani Makueni?

Wakuu habari zenu. Nachora ramani ya makazi ya Wakenya wenye asili ya Kihindi katika kaunti ya Makueni, na nimekwama.

Sensa ya 2019 inanipa jumla ya nchi nzima, 47,555, ila mimi nataka kushuka hadi mji mmoja mmoja. Mantiki yangu ni reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, wakaletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, kama 6,700 hivi wakabaki, na wafanyabiashara kama Alidina Visram wakafungua maduka kuifuata njia ya reli. Ndiyo maana naanzia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, halafu Wote, makao makuu yaliyo mbali na reli, niiweke mwisho. Je, nakosea?

Makindu inanichanganya zaidi. Pale kuna gurdwara (hekalu) ya Masingasinga tangu 1926, na msafiri yeyote anakula na kulala bure (chai yao, jamani!). Lakini wageni wa wikendi si wakazi, na nikihesabu kwa macho nitadanganyika.

Nimewaza kutumia leseni za biashara, ila mwenye duka anaweza kuwa analala Nairobi. Wazee wa mtaa je? Na nawaulizaje watu asili yao bila kuwatia hofu? Aliyewahi kufanya kazi kama hii anisaidie tafadhali, hasa hilo swali la mwisho.