Naomba ushauri: bia ya msimu itafikaje Malindi bila kuharibika?

Wadau hamjambo, niko Malindi huku na kuna kiwanda kidogo Nairobi kinatoa bia ya krafti ya Krismasi, ile nyeusi nzito yenye mdalasini na iliki, wanapika mara moja tu kwa mwaka ikiisha ndo basi mpaka mwakani. Nimeingoja tangu mwezi wa nane jamani, mwaka jana nilichelewa nikakosa kabisa.

Sasa tatizo ni safari. Bia hii haijapasteurizwa (yaani haijapashwa moto kuua vijidudu) na haipendi joto, na kutoka Nairobi mpaka hapa ni kama kilomita 600, nayo kaskazi ishaanza, jua la hapa mwalijua. Sisi wa pwani tushazoea, mnazi wenyewe ukilala tu unachacha, lakini bia ya bei hii nikiipata imepoteza ladha nitaumia sana.

Ndugu yangu anashuka na basi la usiku. Je, abebe kwa boksi la barafu akae nalo miguuni, ama apande treni mpaka Mombasa halafu matatu? Naogopa akiiweka kwa buti ipate joto na mtikisiko. Pia kuna chupa na kuna mikebe, mimi naona mikebe ni bora kwa vile mwanga hauingii, ama nakosea? Na nikiagiza 24, zingine naweza kuziweka kwa friji mpaka Pasaka? Nasikia nyeusi kali hukaa kuliko zile za hopsi nyingi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu). Aliyewahi kusafirisha anisaidie, ndugu anatoka Ijumaa.