Mjadala: Insha ya aya tano, tuwalazimishe wanafunzi mpaka lini?

KalamuMoja
Nafundisha lugha, wanafunzi wa miaka 12 hadi 14. Idara yetu imeamua kila insha ya hoja iwe na aya tano: utangulizi, aya tatu za hoja, hitimisho. Kila aya ianze na sentensi kuu, yaani ile inayobeba wazo la aya nzima. Waliokuwa wakijaza ukurasa mzima bila kukata aya sasa wanakata, hilo siwezi kulikana. Ila waliokuwa na mkono wa kuandika tangu mwanzo wamedumaa. Mwenye hoja mbili nzito anahangaika kutafuta ya tatu ya kujazia nafasi. Naomba mawazo: muundo huu uwe wa lazima mpaka hatua gani?

BintiMfinyanzi
Mpaka wauzoee. Mtoto ambaye hajui aya inaanzia wapi, ukimwambia "andika kwa uhuru" umemtupa tu.

Msanifu
Huo muundo mnaushikilia kama umeshuka kutoka mbinguni. Habari ya sentensi kuu mwanzoni mwa aya ilienezwa na Mskoti mmoja, Alexander Bain, huko karne ya 19. Baadaye, miaka ya sabini hivi, mtafiti Richard Braddock akachambua makala za waandishi wa majarida makubwa ya Marekani, akakuta aya chache mno zinaanza hivyo. Tunawadai watoto kitu ambacho waandishi wenyewe hawakifanyi. Na niseme wazi, walimu wanaoupenda muundo huu wanaupenda kwa kuwa unarahisisha kusahihisha. Unahesabu aya, unatia vema, unatoa alama.

BintiMfinyanzi
Ngoja kwanza. Kurahisisha kusahihisha? Nina madarasa matatu, kila moja lina wanafunzi 40. Dakika kumi kwa kila insha ni saa 20. Saa hizo hazipo kwenye ratiba ya shule, nazitoa kwenye usingizi wangu. Usije hapa kuniambia nahesabu aya.

Msanifu
Dada, sikukutaja.

BintiMfinyanzi
Umesema "walimu wanaoupenda". Mimi naupenda. Umenitaja.

MzaziWaPacha
Mwalimu, pole kwa kazi, na natamka pole hiyo kwa moyo. Lakini hizo saa zinaishia wapi? Mwanangu aliandika kuhusu kifo cha babu yake. Daftari likarudi wino mwekundu mtupu: tahajia, nukta, herufi kubwa. Juu ya alichokisema, hakuna hata neno. Tangu hapo anaandika mistari michache anafunga daftari.

Tarishi
Mwalimu huyo hana utu.

BintiMfinyanzi
Tarishi, humjui. Huenda daftari hilo lilikuwa la mia na kitu usiku huo.

MhaririMstaafu
Nirekebishe kidogo kabla hamjafika mbali. Bain alichapisha kanuni zake za aya mwaka 1866. Utafiti wa Braddock ni wa 1974, na aya za ufafanuzi zilizoanza na sentensi kuu zilikuwa kama asilimia 13. Lakini Msanifu ameacha nusu ya pili: Braddock huyohuyo aliona kwamba mara nyingi makala zile zingesomeka kwa wepesi zaidi kama sentensi hizo zingekuwepo. Hakusema watoto wasifundishwe.

Msanifu
Sawa mzee, ila hoja yangu haijaanguka. Mtahini anatafuta sentensi kuu, mtoto anaandika sentensi kuu, na hakuna aliyesoma chochote.

Tarishi
Mnaacha ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni kukariri! Kila insha inaanza "Wahenga hawakukosea waliponena", hata kama mada ni usafi wa mazingira.

BintiMfinyanzi
Methali zimekukosea nini sasa? Zinampa mtoto pa kushika.

Tarishi
Zinampa pa kujificha.

Nahodha
Mimi naona tunabishana kuhusu paa na ukuta haujajengwa. Wanafunzi wengi wa umri huu hawakwami kwenye aya, wanakwama kwenye sentensi. Judith Hochman, mwalimu wa Marekani, ana zoezi dogo ambalo natamani kila mwalimu alijaribu: mpe mtoto kauli moja, aimalizie mara tatu, kwa "kwa sababu", kwa "lakini", na kwa "kwa hiyo". Tuseme somo ni mimea. Mbegu huhitaji maji kwa sababu bila maji haziwezi kuota. Mbegu huhitaji maji, lakini yakizidi huoza kwa kukosa hewa. Mbegu huhitaji maji, kwa hiyo wakulima wengi hungoja mvua ndipo wapande. Hapo amelazimika kufikiri mara tatu juu ya jambo moja, na aya imeshaanza kujitokeza bila kuambiwa ina sentensi ngapi. Tena mwalimu wa sayansi anaweza kulitumia vilevile. Watafiti Graham na Perin walipolinganisha tafiti nyingi za ufundishaji wa uandishi mwaka 2007, waliona kufundisha hatua za kupanga, kurekebisha na kufupisha kunasaidia sana, na kuunganisha sentensi kunasaidia pia. Mazoezi ya sarufi peke yake hayakuonyesha faida hiyo. Wino mwekundu wa tahajia ni ndugu wa mazoezi hayo.

BintiMfinyanzi
Na wewe umerudi kwenye wino.

MzaziWaPacha
Kwa sababu ndipo panapouma.

KalamuMoja
Jamani, swali langu lilikuwa: mpaka lini?

Nahodha
Kwa mwanafunzi mmoja mmoja, si kwa darasa zima. Yule wa hoja mbili mruhusu leo, ila akuonyeshe kwa nini mbili zinatosha.

KalamuMoja
Mwongozo wa kusahihishia unadai tatu. Nitamkata alama kwa kufikiri vizuri?

BintiMfinyanzi
Mzazi, nikujibu. Ningekuwa na mwanao, ningeacha tahajia zote siku ile na kuandika mstari mmoja kuhusu babu. Hilo naweza kulifanya kwa watoto wote 120. Ila atakayerudia kwamba nahesabu aya aje achukue rundo moja asahihishe mwenyewe.

Msanifu
Nipe. Lakini nitasoma bila mwongozo wenu.

BintiMfinyanzi
Halafu mkuu wa idara akiniuliza alama zimetoka wapi, nimtaje nani?