Naomba ushauri: mchezaji wa zamani awaambie nini wanamichezo wetu wanaohitimu kidato cha nne?

Mwalimu wa Michezo (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Morogoro, na kamati ya mahafali imenikabidhi jukumu la kumtafuta mgeni atakayezungumza na wanamichezo wa kidato cha nne kabla hawajaingia kwenye mtihani wa taifa mwezi Novemba. Tuna timu mbili za mpira wa miguu, ya wavulana na ya wasichana, na baadhi ya wachezaji wetu wameshawahi kuchaguliwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Mkuu wa shule angependa aje mtu aliyevaa jezi ya Taifa Stars au ya mojawapo ya timu za Kariakoo, Simba na Yanga, na wazo hilo naliunga mkono.

Kinachonitia wasiwasi ni hotuba yenyewe. Tumezoea mahafali ambayo mgeni rasmi husomewa risala, akaahidi mipira na jezi, akawataka vijana waongeze bidii na waepuke makundi mabaya, kisha akapiga picha na kuondoka. Mimi natafuta maneno yatakayomfaa kijana mwezi Desemba, akiwa nyumbani, mtihani umekwisha, matokeo bado hayajatoka, na hakuna mwalimu wa kumwita mazoezini saa kumi jioni. Nina beki wa kati ambaye kila mazoezi yakiisha hubaki nyuma kukusanya koni na kuhesabu mipira bila kutumwa na mtu. Juzi aliniuliza iwapo, akienda kwenye majaribio ya klabu na akaachwa, miaka yake minne ya kucheza itakuwa imepotea bure. Nilimjibu kadiri nilivyoweza, ila naamini jibu hilo litamwingia zaidi likitoka kwa mtu aliyeipita njia hiyo. Je, nimwalike mgeni wa aina gani, na nimwombe azungumzie jambo gani hasa?

Shabiki wa Tangu Zamani

Mwalimu, hongera kwa kulifikiria jambo hili mapema. Ushauri wangu ni kwamba usitafute jina kubwa tu, bali tafuta mtu ambaye maisha yake baada ya mpira yanaelezeka. Sisi wa rika langu hatutasahau bao la Peter Tino dhidi ya Zambia kule Ndola mwaka 1979, lililotupeleka fainali za Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka 1980. Vijana wakisimuliwa habari za kikosi kile huishia kwenye bao, ilhali yako mengine yanayowahusu zaidi. Nahodha wake, Leodegar Tenga, alikuwa msomi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye aliiongoza TFF, shirikisho la soka nchini, kuanzia mwaka 2004 hadi 2013. Kocha mzalendo aliyekuwa na timu hiyo, marehemu Joel Bendera, alikuja kuwa mbunge, naibu waziri, na mkuu wa mkoa huohuo wa Morogoro unakofundisha. Kwa watu hao daftari na mpira vilikwenda pamoja, na beki wako anastahili kulisikia hilo kwa kirefu.

Mzazi wa Mhitimu

Naomba niseme tofauti kidogo, na ninasema kwa upendo. Mwanangu yuko kidato cha nne na anacheza winga. Mkimletea nyota wa mpira wiki chache kabla ya mtihani, akasimama mbele yao na kusema kwamba yeye alifika alipofika bila cheti, sisi wazazi tutabaki na kazi ya kuwarudisha watoto mezani. Kwa nini msisubiri mtihani upite?

Kocha Dada

Dada Mzazi, hofu yako ina msingi, na ndiyo sababu mgeni lazima aelezwe mapema kinachotarajiwa kwake. Kusubiri mtihani upite kuna ugumu wake: shule ya kutwa ikifungwa, watoto hutawanyika, na wanaohitaji kusikia ndio hukosekana.

Mimi nafundisha timu ya wasichana, na nataka kumkumbusha Mwalimu kwamba ana timu mbili. Wasichana wako wakiketi kumsikiliza mwanamume aliyecheza Kariakoo, watapiga makofi kwa heshima, ila wengi watahesabu kwamba habari hiyo si yao. Tafuta mwanamke aliyecheza Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, au ligi ya wanawake, au anayefundisha sasa. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana wa umri huo, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa mabao 2-1 na kufika robo fainali, na wengi wao walikuwa na umri wa hawa hawa wanaohitimu kwako. Aisha Masaka alianzia kwenye ligi yetu, akaenda Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Mwanamke aliyeishi maisha hayo ataweza pia kuzungumza na akina mama watakaokuwa ukumbini, kwa sababu msichana anayemaliza shule mara nyingi huzuiwa nyumbani kabla hajazuiwa na kocha. Kazi zikiongezeka na ruhusa ikikosekana, ifikapo Machi viatu vyake vya mpira vimeshagawiwa mdogo wake.

Mchezaji wa Daraja la Kwanza, Mstaafu

Nilicheza daraja la kwanza kwa misimu kadhaa hadi goti liliponisimamisha, na sasa nawafundisha vijana mtaani kwetu. Mwalimu, mwombe mgeni wako azungumzie mikataba, na asiipite kwa haraka. Nilipomaliza shule, kiongozi wa klabu moja aliniita ofisini peke yangu, akanipa karatasi nisaini, akaifungia kabatini na kunieleza kwamba nakala ningeipata baadaye. Mshahara ulipoacha kuja sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha popote. Kijana aelezwe kwamba aende na mzazi au mlezi, asome kila ukurasa, na asitoke bila nakala yake. Aelezwe pia kwamba kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3, na kwamba uhamisho wa kwenda nchi nyingine kabla ya umri huo umezuiwa isipokuwa kwa masharti machache. Wahitimu wako wengi hawajatimiza miaka 18. Kwa hiyo, anayejiita wakala akija kuomba pesa za viza kwa ahadi ya majaribio Ulaya au Uarabuni, mzazi ajue la kuuliza.

Jambo la pili ni subira. Vijana wanamjua Mbwana Samatta wa Genk na Aston Villa, lakini nani anawasimulia Lubumbashi? Alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, mwaka 2011 na akakaa huko hadi mwanzoni mwa 2016, akiwa ametwaa Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015, ndipo Ulaya ikamfungukia. Miaka ile ya Kongo ingefaa kupewa nafasi kubwa kuliko bao lolote.

Jirani kutoka Kakamega

Kwetu Kenya pia tuna mfano ninaoupenda. Musa Otieno, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa, katika fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2004 kule Tunisia, alicheza miaka mingi Santos ya Cape Town, kisha akaingia kwenye ukocha. Wanafunzi husikiliza kwa makini mtu anapowaeleza jinsi kazi moja ilivyomwandaa kwa nyingine. Nakushauri vilevile mgeni afike siku moja kabla, avae viatu vya mazoezi, na awasimamie vijana uwanjani kwa saa moja. Maswali ambayo hayaulizwi mbele ya kipaza sauti huulizwa watu wanapokunywa maji kando ya uwanja.

Mwalimu wa Michezo

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Nitamshauri mkuu wa shule tualike wageni wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na angalau mmoja wao awe mtu anayefanya kazi ya ukocha hivi sasa. Watakuja Ijumaa jioni uwanjani, na siku ya mahafali watapewa dakika chache tu. Dada Mzazi, katika barua ya mwaliko nitaandika wazi kwamba mtihani uko karibu na kwamba tunawaomba waeleze walivyosoma huku wakicheza. Ukipenda, nitakuonyesha barua hiyo kabla haijatumwa. Wanafunzi wataandika maswali yao kwenye karatasi bila majina, nami nitayakabidhi kwa wageni mapema ili wajiandae. Suala la mikataba tutalifanyia kikao cha wazazi peke yake.

Nimebakiwa na swali moja. Beki wangu na wenzake wawili wanavutiwa na ukocha na kazi ya urefa kuliko kucheza. Aliyesoma katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, anieleze: mhitimu wa kidato cha nne anahitaji ufaulu gani ili apokelewe, na maombi hufunguliwa mwezi gani?