Buabua wa kishungi (ndege wa baharini), mkubwa na mdogo mnawatofautishaje mkiwa mbali?

kofianyeusi
Wakuu naombeni msaada, jana jioni nimekaa juu ya mwamba na darubini yangu ya kawaida, maji yanatoka, kwenye fungu la mchanga wametua buabua kama ishirini hivi, wote kofia nyeusi, vishungi vimesimama kama mtu katoka kuamka. Kitabu kinasema mkubwa mdomo njano, mdogo mdomo wa chungwa. Nikaona chungwa tupu nikaandika wote wadogo. Asubuhi narudi palepale naona njano! Nimekosea wapi?

machokodo
Jua la kuzama hilo mkuu 😂 muda huo hata shakwe mweupe anageuka chungwa. Rangi ya mdomo iamini jua likiwa juu na liko mgongoni kwako. Jioni angalia paji: mkubwa ana kipande cheupe kati ya mdomo na kofia hata msimu wa kutaga, mdogo msimu huo weusi unagusa mdomo kabisa. Ila nje ya msimu wote wanakuwa na paji jeupe, kwahiyo ukiona weupe usikimbilie kusema mkubwa.

mzee wa pwani
Mi rangi naangalia mwisho. Mkubwa ana sm 46 hadi 49, mdogo 35 hadi 37, wakitua pamoja unaona tu huyu kaka mtu. Shida inakuja akiwa peke yake, hapo subiri atue karibu na ndege unayemjua. Akiruka mkubwa anapiga mabawa polepole, mzito mzito, na mgongo wake kijivu kilichokolea zaidi.

tumbili_maji
Naongezea, kuna na buabua mwingine mwenye mdomo mweusi ncha njano, kwa mbali ile ncha haionekani kabisa na ukubwa ni kama wa huyo mdogo. Akiruka angalia kiunoni juu ya mkia: yeye mweupe, kishungi mdogo ana kijivu kama mgongo.

kofianyeusi
Asanteni sana. Nimerudia picha ya simu ya jana, ukungu mtupu lakini mapaji meupe yanaonekana, na mgongo umekolea. Wawili pembeni ni wadogo kabisa kimwili, weusi mpaka mdomoni. Kumbe walichanganyikana, naenda kufuta nilichoandika.