Boriti imepita nguzo, riaksheni ya A imetoka hasi. Nimekosea wapi?

Wakuu, salaam. Nasoma diploma ya ujenzi, mwaka wa kwanza. Boriti imekalia nguzo mbili, A na B, mita 4 kati yake. Inapita B kwa mita 2 zaidi, inaning'inia kama kibaraza cha ghorofa, na kwenye ncha kuna mzigo wa kilonyutoni 10. Uzito wa boriti tumeambiwa tuuache. Nimepiga hesabu mara tatu, riaksheni ya A, yaani nguvu ya nguzo kuisukuma boriti juu, inakuja −5. Nguzo inabebaje hasi? Mwenzangu kafuta alama ya kutoa, kaandika 5, kaendelea zake.

Mzee wa Zege
Dogo, hujakosea. Umeona watoto kwenye ubao wa kupandishana? Mnene akikaa huku, wa kule anapaa. B ndiyo egemeo, A inataka kunyanyuka. Hasi maana yake A inaivuta boriti chini.

Kipimo
Chukua momenti (nguvu mara umbali) kuanzia A: 10 × 6 = 60, gawa kwa 4, B ni 15. Mzigo ni 10 tu, kwa hiyo 5 zilizozidi lazima A izirudishe chini. Kwa hesabu ya mwenzako juu kuna 20, chini 10. Boriti hiyo itaruka kama tiara.

Mleta uzi
Ahsanteni. Na momenti kubwa ya kupinda boriti si iko katikati? Tulifundishwa wL²/8.

Kipimo
Hiyo ni ya mzigo uliosambaa sawasawa (w kwa kila mita) kwenye urefu L, nguzo zikiwa ncha zote mbili. Hapa kubwa iko juu ya B. Kutoka kulia 10 × 2 = 20, kutoka kushoto 5 × 4 = 20. Zikitofautiana, rudia kazi.

Mzee wa Zege
Na pale B boriti inavutika upande wa juu, ndiyo maana nondo nene tunazilaza juu. Niliwahi kuitwa kwenye kibaraza, nondo zote ziko chini, ufa juu ya nguzo unaingiza sarafu. Tulisimamisha mirunda kwanza, maneno baadaye.

Kipimo
Ukitaka kujipima, ongeza uzito wa zege, sentimita 23 kwa 45, kama kilonyutoni 2.6 kila mita. A inapanda hadi karibu −1. Bado hasi!

Mleta uzi
Imetoka −1.1. Nimemwambia mwenzangu arudishe ile alama, anasema ameshakusanya.