Je, ni kweli papa mweupe mkubwa humkimbia nyangumi muuaji?

Mdadisi: Nimezoea kusikia kwamba papa mweupe mkubwa hana wa kumwogopa baharini. Sasa nasoma kwamba papa hao walitoweka Gansbaai, Afrika Kusini, kwa kuwakimbia nyangumi wauaji. Je, kuna ushahidi? Na kwa nini samaki mwenye nguvu kiasi hicho ahame, badala ya kujificha hadi adui apite?

Mkaapwani: Ushahidi upo, ndugu. Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilitupwa ufukweni karibu na Gansbaai ikiwa imepasuliwa kati ya mapezi mawili ya mbele, nyama karibu yote ipo, ini halipo. Ini la papa huyu ni kubwa mno na limejaa mafuta, yale ambayo mabaharia huyaita sifa, nayo ndiyo akiba yake ya safari ndefu: papa jike aliyepewa jina la Nicole, aliyefungwa kifaa cha satelaiti mwaka 2003, alivuka kutoka Afrika Kusini hadi Australia kwa siku 99, na miezi michache baadaye akaonekana tena kule alikotoka. Nyangumi anayelichukua ini na kuiacha nyama anajua anachokitafuta. Wanaoshukiwa zaidi ni madume wawili, Port na Starboard, wanaotambulikana kwa mapezi ya mgongoni yaliyopinda, la mmoja kushoto na la mwenzake kulia.

Kina Kirefu: Kuhusu kujificha, visiwa vya Farallon, karibu na San Francisco, vina jibu. Papa waliofungwa vifaa huko walionekana wakiondoka mara nyangumi wauaji wanapofika, hata wakipita kwa muda usiozidi saa moja, na wengi hawakurudi hadi msimu uliofuata, ingawa sili tembo, chakula chao kinono, walikuwa bado wamejaa mawindoni. Mimi siuiti huo woga. Ni hesabu ya mnyama ambaye mlo akiukosa leo ataupata kwingine.

Mkosoaji: Nakubali, ila tusiwabebeshe nyangumi lawama zote za Gansbaai. Wapo watafiti wanaotaja pia nyavu za kuzuia papa za KwaZulu-Natal, jimbo la mashariki mwa Afrika Kusini, ambazo huwanasa na kuwaua papa weupe, pamoja na uvuvi wa papa wadogo ambao ni sehemu ya chakula chao.

Mdadisi: Nashukuru, ndugu zangu. Je, yupo aliyewahi kushuhudia mauaji hayo kwa macho, au yote yamesomwa kwenye mizoga?

Mkaapwani: Wapo. Mwezi Juni 2023, karibu na Mossel Bay, hukohuko Afrika Kusini, Starboard akiwa peke yake alimkamata papa mchanga wa mita mbili na nusu hivi kwa pezi la mbele la kushoto, akamsukuma mbele kwa nguvu, na hazikupita dakika mbili akawa amemmaliza. Muda mfupi baadaye waliokuwa chomboni walimwona akipita kando yao, ini likiwa mdomoni.