Waya wa taa za nyumba kwenye inveta ya gari, na bado fundi anadai salio!

Wadau, leo nimewaka. Kama unapanga kugeuza van ya kazi iwe ya safari, soma hapa kabla hujatuma dipoziti kwa M-Pesa.

Gari ni HiAce ya dizeli iliyokuwa ikisambaza mikate. Bodi safi, injini haina neno. Mpango ni baiskeli nne nyuma, kitanda juu yake, halafu Naivasha, Nyahururu, Maralal hadi Loiyangalani, tukinyonga baiskeli kwa zamu. Gereji moja Industrial Area, Nairobi, wakaniambia hiyo ni kazi ndogo. Ndogo!

Nilichora kila kitu na kuandika vipimo. Sentimita 90 kutoka sakafuni hadi chini ya kitanda, maana baiskeli ya milimani hata ukiitoa gurudumu la mbele na kushusha kiti, usukani bado unasimama juu. Bwana amejenga 65. Sababu? Vyuma alivyokuwa navyo vilikuwa vifupi. Eti baiskeli tuzilaze. Ulaze baiskeli nne moja juu ya nyingine kwenye barabara ya Baragoi, uone kile kipande kinachoshikilia gia kitabaki kimenyooka mpaka wapi. Spea yake ukaitafute kwa nani huko, kwa wachunga ngamia?

Vishikilio vya foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, navyo ni vya ekseli nyembamba, milimita 9. Baiskeli zetu ni milimita 15. Na nilimwachia foki nzima apimie! Nimeikuta inaning'inia ukutani, imeanikiwa ovaroli.

Hayo yote ningemeza. Stima ndiyo imenitoa roho.

Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ni ya wati 1,000, betri ni volti 12. Gawanya: ampea 83, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta unapita 90. Huyu fundi amevuta waya wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumba, akaupitisha nyuma ya plaiwudi, juu ya sponji ya kuzuia baridi. Fyuzi hakuna. Hata moja. Nilichemsha birika la chai kujaribu, na kabla maji hayajatoa mvuke nikasikia harufu ya plastiki. Nikabandua ubao: waya umelainika, haushikiki.

Jibu lake: "Bosi, hiyo ni volti 12 tu, haiwezi kukurusha."

Nani amezungumzia kurushwa? Gari linaungua kwa ampea! Betri ikipigwa shoti bila fyuzi inamwaga kila ilicho nacho hadi kitu kiyeyuke, na sisi tumelala juu yake, mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa kabatini miguuni. Kabati lenyewe halina tundu hata moja chini, wakati gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama sakafuni.

Paneli ya sola ameibandika kwa silikoni. Bolti hakuna. Jamani, tunaelekea kule walikosimika mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Unadhani waliipeleka huko kwa sababu ya mandhari?

Sasa gari liko ndani ya geti lake na amesema bila salio halitoki. Nikimwambia arekebishe kwanza, anasema hiyo ni kazi mpya, na ina bei yake. Picha za waya, mchoro na ujumbe wa malipo vyote ninavyo.

Ninachotaka kwenu ni viwili. Nani amewahi kulikomboa gari gereji bila kulipa kazi mbovu, na alianzia wapi, kwa chifu, polisi au mahakama ya madai madogo? Na nani anamjua fundi wa stima za magari, awe Grogan au Kariobangi, anayeweza kuvuta waya wa 25 na kuweka fyuzi ya ampea 125 karibu na betri bila kuniuliza ni ya nini?